Ndoo ya Kushindwa

Bi Mkubwa alipohamia kwa mwanawe alikuja na kapu la nguo, mto mgumu kama tofali ambao bila huo shingo yake haipati usingizi, na kuku mmoja. Vitu vingine vyote alivigawa. Nyumba yenyewe, ile iliyokuwa ikivuja hata jirani akipiga chafya, aliifunga mlango, akakabidhi ufunguo kwa wenyewe, akaondoka bila kugeuza shingo. Miguu ilikuwa imechoka kuishi peke yake. Mdomo haukuwa umechoka hata kidogo.

"Huyu," alimwambia mwanawe siku ya kwanza, kabla hata ya kuvutiwa kiti, akimnyanyua kuku kwa mikono miwili, "ni kitukuu cha vitukuu vya kuku niliyepewa na mama yangu siku ninaondoka nyumbani kwenda kuolewa. Ukoo wake uliingia kwenye familia hii kabla yako. Mwamkie."

Mwanawe alikuwa mtu mzima, fundi wa majokofu, mtaa mzima unamwita Fundi na kumheshimu. Alimtazama mama yake kuona kama anatania. Hakutania.

"Shikamoo, kuku," akasema Fundi.

Kuku alimtazama kwa jicho moja, kwa sababu jingine lilikuwa limefunikwa na kishungi kilichomwangukia usoni kama kofia ya mlevi. Jina lake Madoa. Mweusi, mwenye vidoa vyeupe kana kwamba mtu amemrushia chumvi. Mama yake alikuwa hivyo, na bibi yake, na wote waliotangulia: kishungi cha upande na chumvi mgongoni. Bi Mkubwa alizika mume, akazika dada, akaona watoto wakitawanyika, lakini kila asubuhi ya maisha yake alifungua mlango akakuta kuku mweusi mwenye chumvi mgongoni anamngoja. Sasa amebaki huyu mmoja tu. Bahati nzuri, jogoo wa jirani alifanya kazi yake bila kuagizwa, na haikuchukua muda Madoa akawa ameatamia mayai tisa ndani ya kapu chini ya meza ya jikoni.

Tatizo halikuwa kuku. Tatizo lilikuwa jikoni kwenyewe.

Mke wa Fundi alikuwa mwokaji wa mikate. Aliamka kabla hata ya jogoo kujinyoosha, akaenda kwenye kiwanda kidogo cha mikate mtaa wa pili, na kurudi jua limeshainama, nywele zina unga kama mtu aliyezeekea njiani. Kila mtu alimwita Mwokaji. Alikuwa mpole, mcheshi wa chinichini, wale wanaocheka kwa mabega tu. Na jikoni kwake palikuwa na ndoo tatu.

Ya kwanza ilikuwa ya maganda: ya viazi, ya ndizi, ya vitunguu, na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Ya pili ilikuwa ya makaratasi, makopo na chupa, vyote vimeoshwa vikakaushwa vikingoja kupelekwa kwa wanaovinunua. Ya tatu ilikuwa kopo la zamani la rangi lenye mkono wa waya, dogo, hata paka asingeenea.

"Na hii ya mwanasesere?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Hiyo ni ndoo ya kushindwa, mama."

"Kushindwa na nani?"

"Kitu kikiingia humo, maana yake tumekaa watu wazima na akili zetu, tumekitazama mbele na nyuma, na tumeshindwa kukipatia kazi. Hicho ndicho kinachokwenda na mkokoteni wa taka."

"Na ikijaa?"

"Ikijaa kabla wiki haijaisha, Fundi anaosha vyombo wiki inayofuata yote."

Fundi alikohoa. Ndoo ilikuwa karibu tupu.

Hayo hayakuwa yote. Nyuma ya mlango kulikuwa na rafu ya vitu vilivyokwisha maisha lakini havijaruhusiwa kufa: shati lisilo na mgongo, ndala ya mguu mmoja, mitungi ya jamu, sufuria iliyotoboka kitako matundu kama chujio. "Hao ni wastaafu," Mwokaji alisema, "wanangoja ajira mpya." Dukani walikwenda na chupa yao ya mafuta na mfuko wao wa maharage, na siku Bi Mkubwa alipoombwa abebe ile chupa tupu barabarani alikataa katakata. Yeye, kwa umri wake, apite mbele za watu na chupa tupu kama anayekwenda kuomba!

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa lundo. Lilikaa uani, kwenye kona ya ukuta, limefika kiunoni. Maganda, maboksi yaliyochanwachanwa, maranda kutoka kwa seremala, majani ya kufyekwa. Asubuhi za baridi lilifuka mvuke mwembamba, na Bi Mkubwa akitoka kupiga mswaki lilikuwa la kwanza kumkabili.

"Wenzenu wanafuga mbuzi," alisema. "Nyinyi mnafuga takataka. Tena mnaifugia kona nzuri, yenye kivuli."

Alisema Jumatatu, akasema Jumanne. Kule kwake, takataka ilijua nafasi yake: unatupa ng'ambo ya ua, basi, hamjuani tena. Fundi akawa kama mlango wa jokofu, huku anafunguliwa na mama, huku anafungwa na mke. Mwisho alisalimu amri. Alimwita mwenye mkokoteni wa taka, mtu aliyeitwa Haraka kwa vile hajawahi kuonekana akiharakisha, wakakubaliana aje keshokutwa yake asubuhi kulizoa lote. Na ili kumridhisha mama kabisa, alichukua rafu za waya za majokofu mabovu akalizungushia lundo uzio, Madoa asiende tena kuchakura humo.

"Kuku wangu hatakula jalalani," Bi Mkubwa alikuwa ameagiza. "Kuku mwenye ukoo!"

Mwokaji hakubishana. Aliuliza jambo moja tu. "Mama, umewahi kuligusa?"

"Niguse jalala?"

"Basi," alisema Mwokaji, akaenda kulala.

Sasa, kuku anayeatamia hushuka mara moja kwa siku. Anakula, anakunywa, anachakura, anaoga vumbi, kisha anakimbia kurudi kabla mayai hayajapoa. Madoa siku zote alikwenda kwenye lundo. Kesho yake mchana alifika akakuta waya. Alitazama kwa jicho lake moja, akazunguka kulia, akazunguka kushoto. Kisha akafanya ambacho hajawahi kufanya tangu afike: akatoka nje ya geti kwenda kutafuta pengine.

Mwenye pikipiki alimleta mwenyewe, amemshika kwa mikono miwili kama mtoto. "Nisamehe, bibi. Aliruka ghafla." Bi Mkubwa alinyoosha mikono. Alimpokea kuku wake. Kishungi kilikuwa kimelala upande uleule.

Fundi, alipoitwa kutoka kibandani kwake, alisimama akimtazama marehemu, halafu, kwa sauti ya chini sana, akauliza kama labda ingefaa mchuzi.

Jinsi mama yake alivyomtazama, hakuwahi kuuliza tena.

Walimzika nyuma ya tangi la maji. Kisha Bi Mkubwa akakumbuka mayai, akakimbia, naam, miguu ileile iliyochoka ikakimbia, akapiga magoti chini ya meza. Yalikuwa bado na uvuguvugu. Aliyakusanya ndani ya mtandio wake akayabana tumboni.

"Yamebakiza siku tatu hivi," alisema. "Tatu tu! Tafuta kuku mwingine anayeatamia."

Fundi alizunguka mtaa mzima akarudi mikono mitupu. "Tungeweka taa ndani ya boksi, mama. Joto la balbu lingetosha."

"Weka basi!"

"Umeme umekatika tangu jana. Wanasema labda keshokutwa."

"Mwanangu," Bi Mkubwa alisema, na safari hii haikuwa dhihaka kabisa, "nimekusomesha ufundi miaka yote ile, na kumbe unajua kupoza tu."

Aliyakumbatia mpaka mikono ikafa ganzi. Lakini mwili wa mzee hauna joto la kugawa. Kila alipoweka yai shavuni, uvuguvugu ulikuwa umepungua. Jua lilipoanza kuinama aliinuka, akaingia jikoni, akasimama mbele ya lile kopo la rangi lenye mkono wa waya. Akainama, akaanza kuyaweka humo, moja baada ya jingine, taratibu, yasigongane.

Hapo ndipo Mwokaji alipoingia, unga nyweleni, mkoba begani. Fundi alikuwa amekwisha kumhadithia mlangoni.

"Mama. Unafanya nini?"

"Si ndiyo sheria ya nyumba yenu? Nimetazama mbele na nyuma. Nimeshindwa."

Mwokaji alichutama kando yake. Alichukua yai moja akaligusisha kope ya jicho, kama anayesikiliza redio ya mbali. Kisha akatoa mayai yote ndani ya kopo, akayarudisha ndani ya mtandio.

"Haya bado," alisema. "Njoo uani."

Aliondoa rafu moja ya waya. "Kunja mkono wa gauni, mama. Ingiza."

"Mle?"

"Mle."

Siku nyingine angekataa. Lakini mtu aliyebakiza matumaini ya ukubwa wa yai hachagui mahali pa kuyaweka. Bi Mkubwa alifumba macho kama anayemeza dawa chungu, akaingiza vidole kwenye majani makavu ya juu. Baridi. Akaingiza kiganja. Unyevu, na harufu, ajabu, si ya uvundo bali ya udongo mvua inapokaribia. Akasukuma mpaka karibu na kiwiko.

Akafumbua macho.

Mle ndani mlikuwa na joto. Halikuwa joto la jua lililokaa juu ya bati, hilo analijua. Wala la jiko, ambalo hukufukuza. Hili lilikuwa limejaa, lina pumzi ya unyevu, likaupokea mkono wake likauzunguka. Aliwahi kulihisi pahali pamoja tu duniani, na alilihisi maelfu ya asubuhi: unapopenyeza mkono chini ya kifua cha kuku aliyeatamia.

"Nani amewasha moto humu?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Hakuna."

"Usinitanie, mtoto wewe. Kuna makaa."

"Hakuna hata kaa moja, mama. Ni maganda. Ya viazi vya juzi, yale uliyomenya mwenyewe. Kuna vijidudu mle, vidogo hata jicho halivioni, vinakula, na vikila vinatoa joto. Ni jamaa wa hamira. Kinyunya changu kikiwa kinaumuka, ukikiwekea mkono, na chenyewe kina uhai wake. Nimeifanya kazi hii tangu msichana na bado huwa nashtuka."

"Na huu moto upo tangu lini?"

"Tangu maganda yalipoanza kuwapo, nadhani. Hata kule kwako ulikuwapo. Hukuwa umeugusa tu."

Bi Mkubwa hakutoa mkono. Alikuwa anafikiria maganda yote aliyoyatupa ng'ambo ya ua tangu alipokuwa mke mchanga, milima ya maganda, miaka na miaka, yakiwaka peke yake gizani bila moshi wala mtu kujua. Na yeye amelala upande wa pili wa ukuta akilalamika baridi.

"Katikati hapafai," Mwokaji aliendelea, naye ameingiza mkono wake upande mwingine. "Hapo yai litaiva, tupate kiamsha kinywa. Lakini huku pembeni... ngoja... hapa. Hili ni joto la kuumulia. Hili nalijua kama ninavyoijua sauti ya mume wangu akidanganya."

"Mimi sijasema kitu," alisema Fundi kutoka mlangoni.

"Na yakiiva?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Yakiiva nitakuwa nimekosea, na utanisema mpaka nizeeke. Yakikaa kwenye kopo hayana hata nafasi ya kukosewa."

Bi Mkubwa alimtazama mkwewe. Kisha, mwenyewe, bila kuambiwa, alirudi jikoni akaenda nyuma ya mlango na kumtoa mstaafu mmoja: ile sufuria iliyotoboka matundu kitakoni. Aliitandika vipande vya shati lisilo na mgongo. Waliichimbia kitako chake pembeni mwa lundo, mvuke ukapanda kupitia matundu taratibu, wakapanga mayai tisa, wakafunika kwa kipande cha boksi kilichotobolewa ili pumzi ipite, na juu yake gunia. Usiku ule Bi Mkubwa alilala na mto wake mgumu, lakini shingo haikupata usingizi.

Asubuhi, Mwokaji alikuwa amekwisha kwenda kazini, geti likagongwa. Haraka amefika na mkokoteni na koleo.

Fundi alisahau kumzuia. Bi Mkubwa alimkuta ameshang'oa waya, koleo liko hewani.

"Weka chini!"

Haraka alishtuka. "Shikamoo, bibi. Nimeitwa kuzoa hili jalala."

"Marahaba. Jalala gani?"

"Si hili?"

"Hili si jalala. Hili limeatamia."

Haraka alilitazama lundo. Akamtazama bibi. Akamtafuta Fundi kwa macho, na Fundi alikuwa ameona kitu cha maana sana mbali angani.

"Bibi, mimi nimeambiwa mama wa Fundi ndiye hataki kuliona. Amesema linamwaibisha."

"Nilisema hivyo jana. Jana nilikuwa mjinga. Wewe hujawahi kuwa mjinga jana?"

"Jana nyingi tu," Haraka alikiri.

"Basi njoo uone." Aliinua pembe ya gunia, akamshika mkono kwa nguvu, akaupenyeza. Mzoa taka aliyekuwa akibeba taka za mtaa mzima kwa nusu ya umri wake alisimama, mkono umo ndani, mdomo wazi.

"Huwa naona zinafuka," alisema pole pole. "Nikadhani ni mimi nimechoka, macho yanaona ukungu." Akautoa mkono, akaunusa, akautazama kana kwamba si wake. Kisha akaenda kwenye mkokoteni akavuta fungu kubwa la majani mabichi aliyoyazoa kwenye uwanja fulani, akalibwaga kando ya lundo. "Mpe huyo ale. Makubwa haya! Leo nimekuja kuzoa taka, naondoka nimeacha taka."

Majani yale yalisaidia siku hiyo. Lakini siku iliyofuata, adhuhuri, mvua fupi ya kejeli ikapita, na Bi Mkubwa alipoweka yai kwenye kope, moyo ulimwanguka. Uvuguvugu tu. Lundo lilikuwa linazimika. Mwokaji yuko kazini mpaka jioni, Fundi yuko mbali ndani ya jokofu la mtu. Na ndoo ya maganda ilikuwa tupu, kwa kuwa tangu juzi alilisha kila ganda la nyumba hii, hata yale ambayo hayajamenywa vizuri.

Alikumbuka alichoambiwa na Mwokaji: likipoa lina njaa. Lipe vibichi vyenye maji, uchanganye na vikavu lipate kuhema.

Bi Mkubwa alichukua ndoo tupu. Akasimama getini. Barabara nzima ilikuwa na watu, na kila mmoja, alikuwa na hakika, ana macho manne. Akatoka nayo.

Mwanamke wa juisi alikuwa kwenye pembe ya mtaa, kisu mkononi, magunia ya maganda ya nanasi na tikiti miguuni pake. Alimtambua kutoka mbali.

"We bibi si ndiye uliyepita hapa ukasema mtaa wetu unanuka?"

"Ndimi."

"Na leo?"

"Leo nimekuja kuichukua hiyo harufu," alisema Bi Mkubwa, akanyoosha ndoo. "Nijazie mwanangu, tafadhali. Nina watoto tisa nyumbani wanapigwa na baridi."

Mwanamke wa juisi alicheka mpaka akaweka kisu chini. Lakini alijaza, akashindilia, kisha akambebea gunia la pili mpaka getini, maana ambaye angebaki nyuma asijue mwisho wa habari ile ni nani? Kwa seremala walipita wakaomba maranda.

Bi Mkubwa aliyakatakata maganda ya nanasi vipande vidogo, kama anayempikia mgonjwa. Akachanganya na maranda na boksi lililochanwa. Kwa uma wa bustani alilifungua lundo upande wa pili, mbali na sufuria, akaona ndani kitu kilichomfanya aache kazi kidogo: yale maganda ya viazi ya siku alipohamia hayakuwapo. Hayakuwa yameoza, hayakuwapo tu. Palikuwa na udongo mweusi, laini, unaovunjika kwenye vidole kama keki. Viazi vya siku zile vimekuwa ardhi. Na hakusikia hata mlio.

Akalilisha. Akalifunika. Akaketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mkono umo ndani mpaka kiwikoni, akangoja.

Mwanzo, hakuna. Kivuli cha ukuta kikasogea. Mwokaji alirudi akamkuta hivyo. Alivuta kreti jingine. Fundi akaja na vikombe vya chai. Na chai ilipokuwa imepoa kwenye vikombe, Bi Mkubwa aliinua kichwa.

"Linakula," alisema.

Joto lilianza kwenye ncha za vidole, kama mtu anayebisha hodi. Kisha likapanda. Wote watatu waliingiza mikono, mama, mwana na mkwe, wakakaa pale kama watu wanaopimana mapigo ya moyo, na lile joto lisilo na moto likawapanda mikononi.

Kulipopambazuka siku ya tatu, Bi Mkubwa alifika uani kabla Mwokaji hajafunga viatu. Aliinua boksi. Mayai tisa, kimya. Alichukua moja akaliweka sikioni, si kwa sababu yoyote, ila alikuwa amekwisha kuyagusa, kuyanusa na kuyaombea, na sikio ndilo lililobaki.

Yai liligonga.

Kidogo sana. Tik. Kisha kimya. Kisha kutoka upande wa pili wa ganda, karibu na sikio lake kuliko mnong'ono wowote, sauti nyembamba kama uzi: piu.

"Njooni!" aliita. Walikuja, Mwokaji na kiatu kimoja.

Ganda lilipata ufa. Ufa ukawa tundu. Kupitia tundu wakaona mdomo mdogo mweupe ukifanya kazi, unapumzika, unafanya kazi tena, na hakuna mtu aliyethubutu kusaidia. Ganda likafunguka kama kifuniko. Kikatoka kitu cheusi, kimelowa, kibaya kabisa, hakijajua hata kichwa kikae upande gani. Kikalala juu ya kipande cha shati, mvuke wa maganda ya nanasi ukipanda chini yake kupitia matundu ya sufuria mbovu, na taratibu, mbele ya macho yao, kikaanza kukauka. Manyoya yakasimama. Vidoa vikaonekana. Na juu ya kichwa kishungi, kidogo kama kipande cha pamba, kikaanguka upande.

Bi Mkubwa aliziba mdomo kwa mtandio. Alikuwa amewaona vifaranga maisha yake yote. Aliwahesabu, aliwauza, aliwafukuza jikoni. Lakini kila mara kulikuwa na kuku juu yao, na kuku humficha mwenye kazi. Hajawahi kukiona kitendo chenyewe kikiwa uchi namna hii, kikifanyika ndani ya vitu alivyovitupa.

"Shikamoo, kuku," alinong'ona Fundi.

Safari hii hakuna aliyemwagiza.

Mwokaji alichelewa kazini kwa mara ya kwanza, akaambiwa maneno, akayavumilia akicheka kwa mabega. Mpaka jioni walikuwa wametoka saba. Haraka alikuja na mkokoteni, akavua kofia. Mwanamke wa juisi alikuja na ndoo, imejaa, hajaombwa.

Mawili hayakutoka. Bi Mkubwa aliyasubiri siku nzima ya ziada, akayasikiliza, kisha akayaweka mkononi akayatazama mbele na nyuma. Mwokaji alikuwa jikoni, ameuacha uamuzi kwa mwenyewe. Kopo la rangi lilikuwa palepale. Bi Mkubwa alilipita. Alikwenda uani, akachimba kwa mkono katikati ya lundo, pale penye moto mkali, akayaweka humo na maganda ya ndugu zao.

"Wapasheni wenzenu joto," aliyaambia, akafunika.

Fundi aliwatengenezea vifaranga banda zuri, lenye mlango wa jokofu na mpini wake. Hawakulitaka. Kila jua lilipozama waliuvuka ua mmoja nyuma ya mwingine, weusi, na chumvi mgongoni, kofia upande, wakaenda kujibanza ubavuni mwa lundo, wakijisukuma ndani ya maranda mpaka mikia tu inaonekana. Ukiwatoa, wanarudi. Kwao mama alikuwa pale.

Kwa hiyo asubuhi Bi Mkubwa akitoka kupiga mswaki, jambo la kwanza ni kukunja mkono wa gauni na kuupenyeza mle kupima hali.

"Umeamkaje, Mama Vifaranga?" anauliza kwa heshima zote.

"Mama," Fundi hulalamika dirishani, "mimi hujanisalimia."

"Wewe ngoja," anajibiwa. "Huyu amelea usiku kucha."